Nzi wa Jabez Sunter

Clem Hird alimkamata Thirza Sunter shingoni saa mbili na nusu asubuhi, mchana kweupe, kondoo wakitazama. Hird alikuwa mlinzi wa mto wa matajiri, ana bunduki begani na kibali mfukoni, na alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa mawe tangu alipomwona mwanamke yule akiinama kwenye maji ya kina kifupi. Ndani ya kikapu cha Thirza mlikuwa na kukuziwa mmoja, ndege wa majini, aliyekufa, bado ana joto.

"Huyu ni ndege wa bwana," alisema Hird. "Unajua ni wiki ngapi za jela?"

"Nimemwokota. Mbweha alimwacha."

"Siku hizi mbweha anatega kwa waya? Maendeleo hayo!" Akamnyanyua ndege kwa mguu, na waya wa mtego ukaning'inia pale pale.

Thirza aliutazama ule waya. Kweli alimtega, maana unyoya mdogo ulio chini ya bawa la kukuziwa, wa rangi ya moshi, ndio unaovishwa ndoana, ukazungushiwa uzi wa hariri na manyoya ya fuko, akapatikana yule nzi wa bandia anayezama majini na kumdanganya samaki aitwaye trauti. Na asubuhi ile hakuja kwa ajili ya ndege tu. Uzi wa hariri ukilowa hubadilika rangi. Mfunga nzi anayejiheshimu hamwamini nzi mpya mpaka amzamishe mtoni na kumtazama kwa jicho la samaki. Thirza alikuwa na nzi mpya kabisa, aliyemhangaikia siku tatu, hajauzwa kwa mtu wala kuonyeshwa kwa mtu. Alikuwa ameshamlowesha, akampenda, akamchomeka kwenye ukosi wa koti lake.

"Tunaweza kuyamaliza hapa hapa, bibie," Hird akasema, na sauti yake ikashuka. "Mimi na wewe. Mumeo yupo yupo tu nyumbani, hana vidole. Anakushikaje yule?"

Mkono wake ukaingia kwenye vifungo vya koti. Thirza akamng'ata. Hird akampiga konde la mdomo, akamvuta ukosi kwa nguvu zake zote, na ndoana ya yule nzi ikamwingia kiganjani, chini ya kidole gumba, mpaka kwenye kile kijino kinachoizuia isichomoke. Akapiga yowe. Thirza akaokota jiwe la mtoni akampiga juu ya sikio. Hird hakuachia. Akampiga tena, akaachia. La tatu lilikuwa la hasira tu, na Thirza hakujidanganya kuhusu hilo, si siku ile wala baadaye.

Hird alianguka kifudifudi majini. Thirza akakimbia hatua ishirini, akasimama, akamtukana Mungu kwa maneno ambayo kanisani kwao hayakuwahi kusikika, akarudi. Alimgeuza, akamburuta kwa buti mpaka kwenye changarawe, akamlaza ubavu ili apumue. Kisha akachukua kikapu chake na ndege wake, akaenda zake. Hakukumbuka nzi.

*

Mama mkwe wake, Keziah, alikuwa anamenya viazi. Alimtazama ule mdomo uliopasuka, akaitazama sketi iliyolowa, akaweka kisu chini.

"Umeanguka, au umeangushwa?"

"Hird," alisema Thirza. "Nimempasua kichwa. Sijui kama yu hai."

Jabez alisimama kutoka kando ya jiko. Alikuwa mtu mrefu mwenye mabega ya wachimba mawe, na mikono yake, kama kawaida, ilikuwa ndani ya glavu za sufu. Miaka tisa iliyopita, mwaka wa elfu moja mia tisa na ishirini na mbili, jiwe la machimboni liliusaga mkono wake wa kulia na kuunyima wa kushoto nguvu. Kabla ya hapo alikuwa mfunga nzi bora kuliko wote katika bonde lile la mto Swale, kama baba yake na babu yake. Baada ya hapo, bonde zima lilisimulia jinsi Sunter alivyojifundisha kufunga kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana uzi wake sasa unazunguka kinyume na wa watu wote, na ndiyo maana nzi wake wamekuwa bora zaidi. Hadithi nzuri. Mabwana walikuwa wanaisimulia mpaka London.

Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyezaliwa akitumia mkono wa kushoto ni Thirza. Miaka tisa alikuwa akifunga yeye, mlango umekomewa, Jabez akiwa pembeni anamwelekeza, "Punguza manyoya. Punguza tena. Nataka kuona uzi ndani yake kama mfupa," mpaka siku moja Jabez akanyamaza kwa sababu hakuwa na la kumwelekeza.

"Amekushika?" aliuliza Jabez.

"Amejaribu."

Jabez akachukua fimbo ya kuchungia ng'ombe iliyokuwa nyuma ya mlango. "Kama yu hai, hatakuwa hai saa sita."

"Kaa chini, mwanangu," Keziah alisema. "Utamshika kwa meno?"

Lilikuwa neno baya, na mama mwenyewe alijua mara tu lilipotoka. Jabez akaipiga fimbo kwenye meza mpaka ikakatika na bakuli la viazi likapaa. Kisha akakaa, akihema. Thirza akapeleka mkono kwenye ukosi wa koti kukifungua kifungo, na hapo ndipo alipogundua kwamba ukosi ni mtupu.

"Nzi," alisema. "Yule mpya. Amebaki mkononi mwake."

Viazi vilikuwa vimetawanyika sakafuni, na Keziah akaanza kuviokota kimoja kimoja.

*

Oldroyd, msimamizi wa walinzi wote wa mto, alifika kabla ya chakula cha mchana akiwa na watu wawili na mbwa. Hakubisha hodi. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye sauti ya taratibu ambayo watu waliiogopa kuliko makelele. Alifungua kisanduku cha kiberiti mezani. Ndani yake, juu ya pamba yenye damu, alilala nzi.

"Hird hajazinduka," alisema. "Daktari hajui kama atapona. Huyu nzi nimemtoa mwenyewe kiganjani mwake. Uzi umezunguka kinyume. Nani anafunga hivi, Sunter?"

"Unajua nani."

"Ninajua. Na mimi nina sampuli za kila nzi uliyewauzia mabwana. Huyu simjui. Huyu hajauzwa. Sasa nzi ambaye hajauzwa anakuwa mkononi mwa nani, zaidi ya aliyemfunga?"

"Mimi ndiye niliyempiga," alisema Jabez.

"Mwongo!" Thirza alisimama. "Ni mimi. Alinikuta na kukuziwa, akanishika, nikampiga jiwe. Tazama mdomo wangu!"

Watu wawili wale wakacheka. Oldroyd hakucheka. "Mdomo wako nauona, mama. Mwanamume aliyetoka kupasua kichwa cha mtu akirudi nyumbani, mke naye hupata fungu lake. Na huyu nzi, nawe ndiye uliyemfunga?"

"Ndiyo. Mimi ndiye ninaye..."

Hakumaliza. Jabez alimpiga kwa ule mkono mbovu, kofi la glavu ya sufu, zito na butu kama gunia, na Thirza akaenda ukutani pamoja na kiti. Katika miaka kumi na saba ya ndoa hakuwahi kumwinulia mkono. Alibaki ameketi sakafuni akimtazama, na kilichomuuma hakikuwa shavu.

"Akili zimemruka," Jabez alimwambia Oldroyd. "Anasema chochote ili aniokoe. Twendeni."

Walimchukua, lakini hawakumchukua hivi hivi. Hird alikuwa mwenzao. Walimfunga mikono kwa mkanda, wakampiga uani, mmoja akimshikilia na mwingine akipiga, kwa zamu, bila haraka, kama watu wanaopura nafaka. Walimpiga tumboni na mbavuni. Alipoanguka walimpiga mateke. Thirza alitoka na chuma cha jiko, akampata mmoja begani kabla mbwa hajamdaka mkono kwa meno na kumwangusha. Oldroyd akamwita mbwa. Alikuwa amesimama langoni akijaza kiko chake.

"Basi, inatosha," alisema mwishowe. "Anatakiwa aweze kusimama mbele ya hakimu."

Majirani walikuwa madirishani. Hakuna aliyetoka.

Thirza aliporudi ndani, Keziah alikuwa ameketi pale pale. Alikuwa amejiziba masikio kwa aproni.

"Kwa nini hukusema?" Thirza alimfokea. "Wewe unajua! Ungesema neno moja tu, wangekuamini, mama mzima!"

"Niseme nini? Kwamba jina la mume wangu na la baba mkwe wangu limeshikiliwa na kidole cha mwanamke?" Mzee yule alikuwa analia, lakini sauti ilikuwa ngumu. "Mwanamume akifungwa, anatoka. Akichekwa, hatoki. Heri afungwe."

"Basi wewe huna mtoto, una bango la duka."

Wakakaa hivyo mpaka moto ukazimika. Ndipo Keziah alipochukua maji na chumvi, akaanza kuosha majeraha ya meno ya mbwa kwenye mkono wa mkwewe, na alikuwa mwangalifu, kwa sababu ulikuwa mkono wa kushoto.

*

Siku ya tano Thirza aliruhusiwa kumwona Jabez kwenye mahabusu ya mji wa soko. Alimpelekea mkate uliopakwa mafuta ya nyama. Konstebo aliukata vipande vipande kutafuta tupa, akala kimoja, akasema ni mzuri.

Uso wa Jabez ulikuwa wa njano na zambarau. Aliongea kupitia kitundu cha mlango.

"Hird amezinduka," alisema Thirza.

"Nimeambiwa. Umshukuru Mungu, hatunyongwi."

"Unajua amesema nini? Ameapa ni wewe. Eti ulimvizia kwa nyuma, na ulikuwa na rungu."

Jabez alianza kucheka, akazishika mbavu zake, akaendelea kucheka kwa maumivu. "Maskini Hird! Afadhali rungu langu kuliko jiwe lako. Atawaambiaje watu baa? Kumbe yeye na mimi tu ndugu."

"Si kichekesho. Watakupa miezi sita, na kazi ngumu. Kuvunja mawe, Jabez! Kwa vidole vipi?"

"Nitaona huko huko."

"Hutaona. Utakufa. Kifua chako chenyewe kimejaa vumbi la machimbo." Alisogeza uso kwenye kitundu. "Niache niseme. Alinishika, nilijitetea. Mimi nina haki."

"Haki ya mke wa mchimba mawe dhidi ya mlinzi wa mabwana, na kukuziwa wa mtego kikapuni?" Alisogea karibu na kitundu. "Thirza. Kitu pekee nilichobakiwa nacho ni kwamba nikipita barabarani watu wanasema, yule pale Sunter. Najua ni uongo. Najua kila siku ninapokutazama ukifunga. Usininyang'anye."

"Ulinipiga."

"Nilikupiga." Glavu ikatokea kwenye kitundu, ikatafuta, haikumpata. "Nikitoka unirudishie. Nirudishie mara kumi."

Thirza alitaka kumwambia kwamba hataki kumrudishia, kwamba anataka aje nyumbani. Badala yake aliondoka na sahani, amekasirika, kwa sababu alikuwa karibu kumkubalia.

*

Mahakimu walikaa katika ukumbi ulio juu ya soko la kondoo, harufu ikipanda kupitia mbao za sakafu. Aliyekaa katikati alikuwa Kanali Ashworth, mzee mwenye masharubu meupe ambaye kila msimu alinunua nzi wa Sunter dazeni sita. Ukumbi ulijaa pomoni. Hird aliletwa na bendeji kichwani, akala kiapo, akasema rungu, akasema kwa nyuma, akasema Sunter. Hakumtazama Thirza hata mara moja. Oldroyd alisimama na kiberiti chake, akaeleza pole pole mpaka watoto wangeelewa: mkono unaozungusha kinyume ni mmoja tu katika bonde zima; nzi huyu ni mpya, hajauzwa; aliyemfunga ndiye aliyempiga mlinzi.

"Mshtakiwa anasemaje?"

"Ni kweli tupu, mheshimiwa," alisema Jabez.

Kanali alimnyanyua nzi kwa koleo ndogo, akamtazama kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu kuliko hakimu anavyohitaji. "Mzuri sana," alisema, na watu wakacheka. "Sunter, kosa lako ni la miezi sita na kazi ngumu. Lakini mimi si mtu wa kuharibu mkono kama huu kwa nyundo. Miaka tisa nimekuomba nije nikutazame ukifunga, na miaka tisa umenifungia mlango. Leo huna mlango." Akatoa mfukoni pochi yake ya ngozi: ndoana, uzi, nta, manyoya. "Nifungie mwingine kama huyu hapa mbele yangu, nimwone anavyozaliwa, nami nitapunguza iwe mwezi mmoja bila kazi ngumu."

Ukumbi ukanguruma kwa furaha. Ilikuwa huruma ya kweli, na Kanali mwenyewe alifurahi nayo. Wafungaji wengine wa bonde walisogea mbele, wengine wakapanda juu ya viti. Konstebo alimletea Jabez kimeza.

"Mheshimiwa, sipendi kutazamwa," Jabez alisema.

"Afadhali kutazamwa kuliko kuvunja mawe. Vua glavu."

Alivua. Ukumbi ukapungua kelele, kwa maana hakuna aliyekuwa ameiona mikono ile tangu iponywe. Wa kulia ulikuwa na kidole gumba na kisiki. Wa kushoto ulikuwa mzima kwa kuutazama, ila ulitetemeka. Alishika ndoana, ikaanguka. Akaishika tena, akaibana kwenye kisiki, akajaribu kuupitisha uzi. Uzi ukateleza. Akajaribu kwa meno. Ndoana ikamwingia kidoleni na damu ikachuruzika juu ya hariri ya Kanali, na bado alikuwa anajaribu, jasho linamtoka, anazungusha uzi usiozunguka kitu.

"Chukua muda wako," alisema Kanali, ambaye bado hakuelewa.

Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Loo, kumbe!" Wafungaji waliokuwa mbele walikuwa wameshaelewa, nao hawakucheka. Waliangalia chini.

Keziah alimpiga Thirza kiwiko cha mbavu. "Nenda," alinong'ona. "Nenda, mwanangu. Wanamuua."

Thirza alipita katikati ya watu. Konstebo alinyoosha mkono kumzuia, akaukunja. Alifika kizimbani, akaichomoa ndoana kwenye kidole cha mumewe, akamfunga kitambaa. Jabez hakuinua macho.

"Usifanye," alisema kwa sauti ndogo.

Thirza akaishika ndoana kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa bado na bendeji ya meno ya mbwa, akaifungua kwa meno akaitupa. Akaupaka uzi nta. Akauzungusha kuelekea kwake, kinyume, mizunguko imeshikana bila kupandana. Akachuna manyoya ya fuko kidogo, akapunguza, akapunguza tena. Akaufunga unyoya kwa ncha, akauzungusha mara moja na nusu, akakaza, akakata. Hata dakika tatu hazikuisha. Vidonda vilikuwa vimefunguka na damu inamshuka kwenye kiwiko. Akamweka nzi mbele ya Kanali, kando ya yule wa kwenye kiberiti.

"Bwana Oldroyd amesema aliyemfunga ndiye aliyepiga," alisema. "Haya. Alinishika koti, nikampiga jiwe. Mara tatu. Mbili zilitosha."

Kanali alitazama nzi wale wawili. Kisha akamgeukia Hird. "Ni huyu?"

Hird alikuwa mwekundu mpaka kwenye bendeji. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Nimekuuliza, bwana! Umekula kiapo! Ni mwanamke huyu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Kicheko kilichopasuka kilitikisa mbao, kondoo wakaanza kulia huko chini. Oldroyd alimshika Hird ukosi palepale mbele ya mahakimu, akamzaba kofi lililosikika kuliko kicheko, na konstebo wawili walihitajika kuwatenganisha. Kanali aligonga meza mpaka kalamu zikaanguka. Utulivu uliporudi, alikuwa na sura ya mtu aliyeibiwa na hajui nini.

"Mfungulieni Sunter," alisema. "Karani, andika mashtaka mapya. Mlinzi amejeruhiwa, na ndege wa watu ameuawa, hilo bado lipo. Nitamsikiliza mwanamke huyu tangu mwanzo."

Jabez alishuka kizimbani. Watu walimpisha njia pana, kama wanavyopisha jeneza, naye akatembea katikati yao mikono ikiwa wazi, kwa kuwa glavu alizisahau mezani. Thirza akapanda pale alipotoka mumewe. Alimtazama mgongo ukielekea mlangoni na akajua kwamba hatageuka.

"Jina?" aliuliza karani.

"Thirza Sunter."

"Umri?"

"Thelathini na tisa."

"Kazi?" Karani hakungoja. "Mke wa nyumbani," alijisemea, akachovya kalamu.

"Futa hiyo."

Sauti ilitoka mlangoni, kavu na ya kukwaruza. Jabez alikuwa amesimama kizingitini, uso bado umeelekea ngazi.

"Andika mfunga nzi," alisema. "Miaka tisa. Mimi nilikuwa nauza tu."

Karani alimtazama Kanali. Kanali akaitikia kwa kichwa, na karani akaandika.